Meninjioma ya ndani ya ventrikali ni nini?

Mtu wa Mtwara au Lindi akipasua bibo akakuta korosho imo ndani ya nyama ya tunda, atashangaa, kwa sababu korosho huning'inia nje. Meninjioma ya ndani ya ventrikali ni kioja cha namna hiyo. Meninjioma ni uvimbe unaotokana na seli za tando zinazoufunika ubongo kwa nje, na kwa kawaida huota huko huko, chini ya fuvu; chache sana huota katika ventrikali, yaani vyumba vya maji vilivyomo katikati ya ubongo. Mimba inapokua, sehemu ya utando hujikunja kuelekea ndani pamoja na mishipa midogo ya damu inayotengeneza maji hayo, na seli zake hubaki humo.

Mara nyingi uvimbe huu si saratani: hukua taratibu, hausambai mwilini. Hata hivyo, upole huo ni wa seli, si wa mahali, na fuvu halitanuki. Njia ya maji ikizibwa, shinikizo hupanda, mgonjwa akaumwa kichwa hasa alfajiri, akatapika, macho yakaingia ukungu. Kwamba wengine huanza kwa kupimwa malaria au kubadilishiwa miwani, mimi silioni kuwa jambo la ajabu.

Jeni inayohusishwa zaidi na meninjioma kwa jumla ni NF2, iliyo kwenye kromosomu ya 22, ambayo protini yake, merlini, huzuia seli zisigawanyike ovyo. Kila seli ina nakala mbili, ya mama na ya baba. Anayeteremka mlima wa Newala kwa baiskeli, breki moja ikikatika, bado anayo ya pili. Zikikatika zote, mwendo humshinda. Kwa wagonjwa walio wengi hitilafu hutokea baada ya kuzaliwa, ndani ya seli za utando peke yake, kwa hiyo hawakuirithi wala hawatairithisha. Wachache huzaliwa na nakala moja mbovu mwili mzima. Hao huweza kuota vimbe kadhaa, pamoja na vile vya mishipa ya fahamu ya masikio yote mawili, na kila mtoto wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Ndiyo maana daktari akiuliza kama katika ukoo yupo aliyepoteza usikivu angali kijana, hapekui siri za watu. Anaitafuta nakala hiyo.