Picha ya chapa si fotokopi: kabla ya kukata, kuuza au kusafirisha

Tangu Juni 28, 2025, kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu uingizaji wa mali za kitamaduni ilipoanza kutumika kikamilifu, sisi tunaotunza picha za chapa makumbushoni, yaani picha zinazochapwa karatasini kutoka bamba lililochorwa, tunaulizwa mengi. Watu huleta sura ya mtu ya mwanzoni mwa miaka ya 1800 wakiamini ni mchoro wa penseli. Wakisikia ni chapa, wanavunjika moyo, wakidhani ni fotokopi tu. Hapo ndipo tunapokosana.

Mwaka 1816, huko Roma, mchoraji Mfaransa Ingres alimchora Gabriel Cortois de Pressigny, balozi wa Ufaransa kwa Papa, juu ya bamba la shaba. Bamba hupakwa nta iliyochanganywa na lami, sindano huchuna nta, asidi hula shaba pale tu palipochunwa. Kisha wino hujazwa mifereji, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa kwa mashine. Siku hizo wateja wake Wafaransa walikuwa wameondoka baada ya Napoleon kuanguka, naye alijikimu kwa kuwachora wageni kwa penseli. Mkono ni uleule. Hii ndiyo chapa pekee ya asidi aliyowahi kutengeneza. Nani aite hiyo fotokopi?

Mulika karatasi kwa tochi, ukiwa umeilaza tochi hiyo pembeni mwa karatasi. Utaona bonde la mstatili kuizunguka picha: ni alama ya bamba, ushahidi wa kwanza tunaoutafuta. Juzi tuliletewa moja iliyokatwa ndani ya alama hiyo, maandishi ya chini yakaenda na mkasi, ili tu iingie kwenye fremu ya dukani. Tafadhali, nunueni fremu kubwa zaidi.

Sasa forodha. Picha ya chapa iliyotengenezwa nje ya Umoja, yenye umri unaozidi miaka 200 na thamani ya euro 18,000 au zaidi kwa kipande, haiingizwi bila tamko la mwingizaji. Tamko huwasilishwa kwenye mfumo wa kielektroniki, likiwa na maelezo ya picha na sahihi yako kwamba ilitoka kihalali katika nchi ilikotengenezwa. Adhabu ya kudanganya hupangwa na kila nchi mwanachama. Chapa ya London ya mwaka 1810 inahusika ikifikia thamani hiyo. Ya Roma haihusiki, hata ikirudi kutoka ng'ambo, kwa hiyo msijaze tamko bure. Kutoa nje ya Umoja ni kanuni nyingine: chapa yenye zaidi ya miaka 50 na thamani ya euro 15,000 au zaidi huombewa kibali kabla haijafika mpakani.

Ikiwa chapa yenu imegandishwa kwenye kadibodi, msiibandue nyumbani wala kuilowesha. Ileteni na kadibodi yake.