Xerîbî: maana ya fasihi na sanaa ya Wakurdi ya uhamishoni

Kuishi mbali na kwenu Wakurdi hukuita xerîbî (hiyo x isome kh). Neno lina asili ya Kiarabu, mzizi uleule wa "gharibu" wa kwenye tenzi zetu. "Ughaibuni" humtazama mtu kutoka nyumbani alikoadimika. Xerîbî humtazama kule alikofika, akiwa mgeni.

Fasihi na sanaa ya Kikurdi ya uhamishoni, basi, ni kazi za Wakurdi waliolazimika kuondoka Uturuki, Irani, Iraki au Syria kwa kuwa kwao zisingechapwa wala kuonyeshwa. Wengi hudhani hili ni tawi dogo la fasihi yao. Katika maandishi ya kisasa, hasa ya lahaja ya Kikurmanji, ni karibu shina lenyewe. Gazeti la kwanza la Kikurdi, Kurdistan, lilitoka Cairo tarehe 22 Aprili 1898. Alfabeti ya Kilatini inayotumika hadi leo ilienezwa na Celadet Alî Bedirxan, mkimbizi kutoka Uturuki, kupitia jarida la Hawar alilolianzisha Damascus mwaka 1932.

Alfabeti hiyo ina herufi 31, tatu kati yake zikiwa q, w na x, ambazo Kituruki hakina. Kwa hiyo sikukuu ya mwaka mpya ikiandikwa Nevruz ni Kituruki. Ikiandikwa Newroz ni Kikurdi, na watu walishtakiwa kwa sababu ya w hiyo moja. Herufi hizo ziliruhusiwa Uturuki mwaka 2013 tu.

Kuhusu vitabu, sheria ya Uturuki namba 2932 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku lugha ya Kikurdi bila hata kuitaja kwa jina, nayo ikadumu hadi 1991. Uchapaji ukahamia Ulaya, Sweden ikiongoza, kwa kuwa serikali yake ilisaidia vitabu vya lugha za wahamiaji. Mehmed Uzun, aliyefika huko mwaka 1977, alitoa riwaya yake ya kwanza, Tu, mwaka 1985. Ugumu ulikuwa msamiati: lugha isiyofundishwa shuleni haina maneno yaliyozoeleka ya kusimulia mambo ya mjini. Uzun aliyachota kwa dengbêj, yaani manju wa Kikurdi wanaoimba visa virefu bila ala, na katika majarida ya zamani.

Kuna na kikwazo cha hati. Kisorani, lahaja nyingine ya Kikurdi, huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo Wakurdi wawili wa mji mmoja wa Ulaya wanaweza kushindwa kusomeana vitabu.

Tofautisha pia uhamisho na diaspora. Mhamishwa alifukuzwa au alikimbia. Mwanawe aliyezaliwa Berlin akiandika kwa Kijerumani ni wa diaspora, na ubishi kama kitabu chake ni fasihi ya Kikurdi haujaisha. Kwa maoni yetu, lugha ni kipimo kizuri cha fasihi lakini hakifai kwa filamu. Yol, filamu ya Mkurdi Yılmaz Güney, sehemu kubwa ni Kituruki. Aliiandika akiwa gerezani, Şerif Gören akaipiga picha nchini, kisha mikanda ikavushwa kwa siri hadi Uswisi, ambako Güney, aliyetoroka mwaka 1981, aliihariri. Ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1982, ikigawana na filamu nyingine. Güney alifia Paris miaka miwili baadaye; Uturuki haikuionyesha hadi 1999.