Samaki wa kundi: maana yake, na namna ya kumchagua kwa tangi la mimea

Wavuvi wa dagaa, wa baharini na wa maziwani, hutegemea tabia moja ya samaki huyo: dagaa hatembei peke yake. Taa ikiwashwa juu ya maji usiku wa giza, hawaji wawili watatu, huja kundi zima. Tabia hiyo ndiyo inayokusudiwa pale muuzaji wa samaki wa mapambo anaposema kwamba samaki fulani ni wa kundi. Hamaanishi kwamba samaki huyo ni mdogo au mpole, ingawa wengi wao ni wadogo na wapole. Anamaanisha kwamba ni samaki wa kuishi katikati ya wenzake wa aina yake, na kwamba akiwakosa huishi kwa hofu, hujificha, hufifia rangi na pengine huanza kuwasumbua samaki wengine.

Neno hili moja hubeba mambo mawili. Kuna kukaa pamoja, ambako samaki hukaribiana lakini kila mmoja huelekea anakotaka. Na kuna kuogelea pamoja, ambako kundi zima hugeuka kwa wakati mmoja kana kwamba limeamriwa. Huku kwa pili huwezekana kwa sababu samaki huwatazama wenzake na pia huhisi msukosuko wa maji kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, na faida yake ni kumchanganya adui asijue amkamate yupi. Kwa hiyo samaki wa tangini wakishazoea na kuona hakuna hatari, hutawanyika. Mnunuzi aliyetarajia kuona kundi likizunguka kama askari wa gwaride hudhani ameuziwa samaki wagonjwa, kumbe utulivu huo ndio dalili ya afya. Wakijibana pembeni siku nzima, hapo ndipo pa kutafuta kinachowatisha.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni la hesabu. Mtu hununua samaki wawili wa kila aina, kana kwamba anapakia safina ya Nuhu, kisha husema ana kundi la samaki kumi na wawili. Hana kundi hata moja. Kundi huhesabiwa kwa aina, na tetra hamhesabu rasbora kuwa mwenzake, ingawa wote wawili ni samaki wadogo wa mapambo. Sita wa aina moja ni kiwango cha chini. Kumi ni bora zaidi, na kwa macho yangu aina moja yenye samaki kumi hupendeza kuliko aina tano zilizochanganywa.

Katika tangi la mimea, yaani lililopandwa mimea hai ya majini, majani huwapa samaki pa kukimbilia, na samaki ajuaye kwamba maficho yapo karibu hutoka mbele bila woga. Mimea mirefu ipandwe nyuma na pembeni, katikati pabaki wazi kwa kuogelea. Urefu wa tangi kutoka kushoto kwenda kulia una maana zaidi kuliko kimo chake. Wapo samaki wa kundi wasiofaa hapa, kama tetra wa Buenos Aires, ambaye hutafuna majani laini.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, swali la kwanza lisiwe rangi, liwe joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya tangi katika chumba kisicho na kiyoyozi hufika kwa urahisi nyuzi 28 na kuzidi. Tetra neoni (Paracheirodon innesi), ambaye karibu kila anayeanza humtaka, hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 26 hivi. Ndugu yake kadinali (Paracheirodon axelrodi), wa mito ya Negro na Orinoco huko Amerika Kusini, huvumilia joto vizuri zaidi, na mstari wake mwekundu hupita ubavu mzima badala ya kuishia nusu. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na usiku mimea nayo huitumia. Umeme ukikatika pampu ikasimama, tangi lililojazwa samaki kupita kiasi ndilo huumia kwanza.

La pili ni maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na pwani hutoa maji yenye chumvi au maji magumu, yale ambayo sabuni hukataa kutoa povu, ilhali kadinali hupenda maji laini. Maji ya bomba nayo yaondolewe klorini kabla ya kutiwa tangini.

Majirani nao huchaguliwa. Babi milia huishi kwa kundi, lakini huwadonoa mapezi samaki wenye mapezi marefu. Samaki malaika akikomaa huweza kuwameza neoni. Koridora, kambare mdogo wa mapambo, kama Corydoras sterbai anayestahimili joto, hukaa chini na kupekua mchanga kwa ndevu zake, kwa hiyo apewe mchanga laini usiokwaruza, na yeye pia asiwekwe chini ya sita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, ambalo ujazo wake ni lita 63, linatosha kadinali 10 na koridora 6. Nafasi inayobaki iachiwe mimea.