Haigawanyiki kwa 7? Bado si tasa

Hapa Mtwara wengi tulikariri hivi: namba iliyozidi 10, isiyogawanyika kwa 2, 3, 5 wala 7, ni tasa, yaani hugawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Chini ya 121 ni kweli. Kuanzia hapo kanuni inavuja, maana 121 ni 11 mara 11.

Tuseme ghalani kuna magunia 10,403 ya korosho. Jaribu kuyapanga safu zinazolingana. Utatoka jasho mpaka ufike 101. Hapo yanakaa sawia: safu 101, kila moja magunia 103.

Usione haya, hata Fermat (na yule alikuwa bingwa wa hisabati) aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaigawa kwa 641, ikatoka 6,700,417 bila baki.

Kupima, jaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba yako.