Teknolojia Darasani Ianze na Kosa la Mwanafunzi

Nikipokea andalio la somo la mwalimu tarajali, macho yangu huenda kwanza kwenye malengo mahususi. Mara nyingi hukuta sentensi kama hii: "Wanafunzi waweze kutumia kishikwambi kujifunza sehemu." Kiondoe kishikwambi hapo, uone kama kuna chochote kilichobaki cha kupima.

Ndiyo maana, kati ya viunzi vyote vya ujifunzaji wanavyosoma vyuoni, ninachokisisitiza zaidi ni TPACK, kinachounganisha ujuzi wa aina tatu: wa somo, wa mbinu za kufundisha na wa teknolojia. Watafiti Punya Mishra na Matthew Koehler walikieleza mwaka 2006, wakijenga juu ya hoja aliyoitoa mtaalamu wa elimu Lee Shulman mwaka 1986. Shulman alisema kulijua somo na kujua mbinu za kufundisha havitoshi. Mwalimu anahitaji pia kujua mada fulani huwatatiza wanafunzi wapi, na aieleze vipi ili waielewe. Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia kwenye mchanganyiko huo. Walimu tarajali wengi huichora ile michoro ya duara tatu za ujuzi huo vizuri sana kwenye mtihani, kisha wakiingia darasani wanashika duara moja tu, la vifaa.

Tuchukue kujumlisha nusu na theluthi. Mwalimu anaweza kuonyesha video yenye rangi nzuri, darasa likatulia, kipindi kikaisha. Lakini akijua wanafunzi hukosea wapi, atatunga swali moja la kura lenye majibu manne: 5/6, 2/5, 2/6 na 1/5. Anayechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Wa 2/6 amepata asili (namba ya chini) ya pamoja, ila viasi (namba za juu) amevijumlisha bila kuvibadilisha. Wa 1/5 amejumlisha asili tu na kukiacha kiasi kama kilivyo. Ndani ya dakika moja mwalimu anajua darasa limegawanyika vipi, na swali linalofuata linakuja lenyewe: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Inawezekanaje nusu iongezewe kitu halafu ipungue? Hapo wanafunzi huanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na ubishi huo ndio ninaoutafuta ninapokaa nyuma ya darasa kukagua.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha kwa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990: wanafunzi wapige kura, wajadiliane na jirani, wapige tena. Kura hiyo inapigika kwa simu, kwa kadi za herufi au hata kwa mikono. Simu humpa mwalimu kumbukumbu ya kila jibu na humsitiri mwanafunzi mwenye aibu, na hizo ni sababu nzuri za kuitumia.

SAMR, kiunzi cha Ruben Puentedura kinachopanga matumizi ya teknolojia darasani kwa ngazi, naitumia kwa tahadhari. Ngazi zake nne huwafanya wengi waone aibu kubaki ya kwanza, pale kifaa kinapochukua tu nafasi ya kilichokuwapo. Sioni aibu yoyote hapo. Kusambaza zoezi kwa simu badala ya kuliandika ubaoni kunaokoa muda, na muda huo unaweza kwenda kwenye mjadala.

Kwa hiyo nawaomba walimu tarajali waandike, kabla ya safu ya zana kwenye andalio lao, makosa mawili wanayoyatarajia katika mada ya siku hiyo. Asiyeweza kuyataja namrudisha kwenye madaftari ya wanafunzi wake kwanza. Programu tutaichagua baadaye.