Harakati Zinapomfikisha Mtu kwenye Fomu ya Kugombea

Kazi yangu hapa Moshi ni kufundisha elimu ya uraia na kufuatilia siasa za kata na mitaa. Wanafunzi huniuliza mara kwa mara kwa nini kijana aliyeanza kwa kudai maji au usafi wa soko huishia kuchukua fomu ya udiwani. Wengi wao wameshajijibu kwamba ni uchu wa madaraka, nami sikatai kuwa wapo wa aina hiyo. Hata hivyo, sababu ninayokutana nayo zaidi ni kwamba harakati humwonyesha mtu mahali uamuzi unapofanyika. Anayelalamikia taka za sokoni huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, huelekezwa kwa mtendaji wa kata, kisha halmashauri, na huko hugundua kwamba bajeti hupitishwa na baraza la madiwani, ambamo yeye anaweza kuketi na kusikiliza lakini hana kura.

Kwa majirani zetu wa Meru jambo hili lilijitokeza kwa ukubwa wa pekee. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Wananchi wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na Earle Seaton, wakili aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Kwa maoni yangu, kushindwa huko kulifundisha siasa kuliko ambavyo ushindi ungefundisha, kwa kuwa kuliweka wazi kwamba hoja nzuri hairudishi ardhi iwapo aliyeichukua ndiye anayeendelea kutawala. TANU ilipoanzishwa Julai 1954, Wameru hawakuhitaji kuelezwa kwa nini suala la ardhi ni suala la nani anatawala.

Katika miaka ya karibuni, Tundu Lissu alijulikana kwanza kama mwanasheria wa mazingira aliyewatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, na mwaka 2010 akachaguliwa kuwa mbunge wa Singida Mashariki. Alikuwa ameshazoea kuzisoma sheria za madini kabla hajawa na nafasi ya kuzijadili bungeni.

Kikwazo kikubwa kwa mwanaharakati wa Tanzania ni chama. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kanuni hiyo kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki. Hata hivyo kanuni hiyo bado ipo, na matokeo yake ni kwamba aliyejenga jina sokoni hulazimika kuanza upya kwenye kura za maoni, yaani uteuzi wa wagombea ndani ya chama, mbele ya wajumbe ambao huenda hawakuwahi kumwona akidai chochote.

Kwa sababu hiyo huwashauri wanafunzi wenye nia hiyo wajiunge na tawi la chama mapema, kisha waanze na uenyekiti wa mtaa. Hauna mshahara, na huko pia mgombea hudhaminiwa na chama, lakini mwenyekiti ndiye anayeongoza mkutano ambao wakazi husomewa mapato na matumizi yao.