Gari-nyumba Halilali Popote: Dhana Potofu Kuhusu Mahali pa Kulala Safarini

Anayesafiri kwa gari-nyumba hubeba kitanda, jiko na choo chake mwenyewe, na kosa la kwanza huzaliwa hapo: hudhani suala la malazi limekwisha siku aliyokabidhiwa funguo. Kumbe limebadilika sura tu. Aliyezoea hoteli huuliza kama kuna chumba. Mwenye gari-nyumba ana maswali mengine: ardhi hii ni ya nani? Gari langu litaingia na kugeuka? Umeme wake una nguvu kiasi gani? Majitaka nitayamwaga wapi kesho? Dhana nyingi wanazoambiana wasafiri hutokana na kuruka swali mojawapo kati ya hayo.

“Kuna nchi ambazo sheria inakuruhusu kulala popote porini”

Hii huvumishwa sana kuhusu Uswidi, Norwei na Uskoti, na ubaya wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Uswidi ina desturi kongwe ya kila mtu kuzurura msituni bila kuomba ruhusa. Norwei iliiandika haki hiyo katika sheria ya mwaka 1957, na Uskoti ikafanya hivyo mwaka 2003. Lakini haki hiyo ni ya mtu na miguu yake, baiskeli yake, mtumbwi wake. Chombo chenye injini hakimo. Mwenye hema anaweza kulipiga kwenye ardhi isiyolimwa ya Norwei, alimradi awe mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na asiguswe na yeyote. Wewe uliyeingiza magurudumu nyasini hatua kumi kutoka kwake umevunja sheria. Kinachobaki kwa mwenye gari ni kuegesha pale panaporuhusiwa kuegesha, basi.

Ujerumani nayo ina mstari mwembamba unaowapoteza wengi. Dereva aliyechoka anaruhusiwa kulala usiku mmoja ndani ya gari lake mahali palipo halali kuegesha, ili apate nguvu ya kuendelea na safari. Ila ukitoa viti na meza na kukunjua turubai la kivuli, hapo hupumziki tena. Umepiga kambi, na kambi ina masharti yake. Ni gari lilelile, mahali palepale. Tofauti ni viti.

New Zealand imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2011 kuhusu kupiga kambi nje ya kambi rasmi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na kwa awamu magari yanadaiwa kuwa na choo kilichofungwa imara ndani yake ili yathibitishwe kuwa yanajitosheleza. Kile choo cha ndoo cha kutoa chini ya kitanda, kilichowavusha wasafiri wengi miaka ya nyuma, hakihesabiwi tena.

Marekani ndiko dhana hii ina msingi kidogo. Sehemu kubwa ya ardhi ya umma katika majimbo ya magharibi, inayosimamiwa na idara ya shirikisho ya ardhi, BLM, iko wazi kwa kambi bila malipo. Hata hivyo, kwa kawaida unaruhusiwa siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha uhame. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamekuwa wakarimu zaidi, lakini jembe lipo.

“Maegesho ya duka kubwa ni ya kila mtu”

Jina linalotajwa siku zote ni Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani. Watu huzungumza kana kwamba kila tawi ni kambi ya bure. Ukweli ni kwamba ruhusa hutolewa na meneja wa tawi husika, akitazama nafasi aliyonayo na sheria za mji wake. Tawi moja litakukaribisha, na la mji unaofuata likakugongea dirisha saa sita usiku. Kwa hiyo piga simu au ingia dukani uulize. Ukikubaliwa, egesha pembeni, usiku mmoja, bila jeki wala kusukuma nje zile kuta zinazopanua chumba, na usiwashe jiko la mkaa. Walioharibu ruhusa hii kwa wengine ni wale waliogeuza lami kuwa ua wa nyumba yao.

Vituo vya mapumziko vya barabara kuu navyo havina kanuni moja. California inakuruhusu saa 8 ndani ya saa 24, Texas saa 24, na Florida saa 3 tu. Ukivuka mpaka wa jimbo usiku, huenda ulichokifanya kihalali jana leo kikakuletea faini.

Kuhusu vituo vya mafuta vya malori nina msimamo mkali kidogo. Dereva wa lori Marekani akishafikisha saa 11 za kuendesha, sheria inamtaka apumzike saa 10 mfululizo kabla hajashika tena usukani. Saa zake zikiisha, hana hiari. Ukimkuta ameegesha kando ya njia ya kutokea barabara kuu, mahali pa hatari, mara nyingi ni kwa sababu nafasi zimejaa. Wewe una uhuru wa kwenda kwingine. Kama kituo kina sehemu iliyotengwa kwa magari-nyumba, itumie. Nafasi za malori waachie wenyewe.

“Umeme ni umeme”

Hili ndilo eneo ambalo watu wenye akili timamu huunguza vifaa.

Kambi za Marekani zina soketi za aina mbili kuu, za ampea 30 na za ampea 50. Mtu husikia namba hizo na kufikiri ya pili inaizidi ya kwanza kwa kiasi kidogo, chini ya mara mbili. Sivyo. Ile ya ampea 30 ina njia moja ya volti 120, yaani wati 3,600. Ile ya ampea 50 ina njia mbili za volti 120, kila moja ikibeba ampea 50, jumla wati 12,000. Ni zaidi ya mara tatu. Gari kubwa lenye viyoyozi viwili vya paa linaweza kuunganishwa kwenye soketi ndogo kwa plagi ya kubadilishia, lakini plagi hiyo haiongezi hata wati moja. Washa kiyoyozi, maikrowevu na mashine ya kukaushia nywele kwa pamoja na utakaa gizani.

Ulaya mtego ni mwingine. Plagi ya buluu ya kambi imetengenezwa kuhimili ampea 16, hivyo mgeni huamini anapata ampea 16. Nguzo nyingi za umeme kambini hutoa 10, au 6. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380, na birika la umeme la wati 2,000 linatosha kukata umeme kabla chai haijachemka. Unapohifadhi nafasi, usiulize “mna umeme?” Uliza ni ampea ngapi.

Kuna kosa moja baya kuliko yote: kuunganisha gari la ampea 30 kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo ya nyumbani kwa rafiki, kwa sababu plagi zinafanana. Soketi hiyo ni ya volti 240. Vifaa vya volti 120 ndani ya gari haviponi. Kifaa cha kupima na kulinda umeme, kinachowekwa kati ya nguzo na gari, huwa nafuu kuliko friji moja.

“Hifadhi kubwa za taifa zina kila kitu”

Yosemite, hifadhi maarufu ya Marekani, haina hata nafasi moja ya kambi yenye umeme na maji ya kuunganisha. Yellowstone, pamoja na ukubwa wake wote, ina kambi moja tu yenye huduma kamili, Fishing Bridge, na huko hawapokei hema wala karavani za kuta za turubai. Sababu ni dubu. Kambi nyingi za hifadhi zilijengwa enzi za magari madogo. Urefu wa wastani unaoruhusiwa katika kambi za hifadhi za taifa za Marekani ni futi 27, kama mita 8.2. Gari la mita 11 litaishia nje ya lango, na mwenye nalo huwa tayari amesimulia kwa ndugu zake kwamba atalala chini ya maporomoko.

Urefu wa kwenda juu nao hukumbukwa daraja likishakwangua paa. Ramani ya kawaida ya simu inakuongoza kama mwenye gari dogo. Baadhi ya mahandaki pia hayaruhusu magari yenye mitungi ya gesi, hivyo kambi inayoonekana iko dakika 20 mbele inaweza kuwa mzunguko wa saa mbili.

“Hifadhi nafasi ya kila usiku” na “utapata tu mbele ya safari”

Dhana hizi mbili hugombana, na zote mbili zina makosa. Nafasi nyingi za kambi za shirikisho Marekani huanza kuhifadhiwa miezi sita kabla, na zinazopendwa sana huisha siku ileile. Asiyehifadhi hapo hapati. Lakini aliyehifadhi kila usiku wa wiki tatu amejifunga mnyororo: gurudumu likipasuka siku ya nne, siku ya tano hadi ya ishirini na moja zote zinayumba. Mimi ningehifadhi mwisho wa wiki, sikukuu na maeneo maarufu, na kuziacha siku za katikati ya wiki ziamuliwe na barabara.

Wenyeji wa safari hizi wana kanuni ya tatu-tatu: usizidi maili 300 kwa siku (kilomita 480 hivi), fika kabla ya saa tisa alasiri, kaa angalau siku tatu. Mbili nazichukulia kama ushauri. Ile ya saa tisa naiheshimu. Kurudisha gari la mita 9 kinyumenyume kati ya miti gizani, mwenzako akipunga tochi usiyojua inamaanisha kushoto au kulia, kumevunja taa nyingi na ndoa kadhaa.

“Pa bure ni bure”

Hesabu mafuta ya kwenda na kurudi kutafuta maji. Hata mashamba na viwanda vya mvinyo vinavyopokea wageni bila ada, kama vilivyo katika mtandao wa France Passion wa Ufaransa ulioanza mwaka 1993 na unaoruhusu kukaa saa 24, hutaka gari linalojitosheleza na hufurahi ukinunua chupa.

“Hatari ziko porini, kwa watu usiowajua”

Kikulacho ki nguoni mwako. Kinachoua ndani ya magari-nyumba kimyakimya ni gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, itokayo kwenye jenereta, injini, au jiko la gesi lililowashwa ili kupasha chumba joto. Jenereta inayokudhuru inaweza kuwa ya jirani, moshi wake ukiingia dirishani kwako. Ndiyo maana nafasi zilizobanana zinastahili kuchunguzwa kuliko bonde tupu. Kengele ya kubaini gesi hiyo huzeeka. Tazama tarehe iliyochapwa nyuma yake kabla ya kulala.

Hatari ya pili ni maji. Korongo kavu lenye mchanga laini na ulio tambarare hupendeza kuliko mahali pote kuegesha, kwa sababu mafuriko ndiyo yaliyolisawazisha. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali usikoona hata wingu, na maji yakakufikia usiku. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kubeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Tafuta alama za takataka zilizonasa kwenye vichaka. Zikiwa juu ya magurudumu yako, ondoka. Ukiwa hapo, tazama juu pia: tawi kavu halihitaji upepo mkubwa.

Baridi ya mwinuko hushangaza wengi. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo kambi ya mlimani inaweza kugandisha mabomba hata kama bondeni ulilala na shuka moja.

“Ardhi ikiinama kidogo si hoja”

Kwa usingizi, labda. Kwa friji ya gesi ya aina ya zamani, ni hoja. Kimiminika chake huzunguka kwa mteremko wake tu, bila pampu. Gari likiinama sana kwa muda mrefu, mfumo unaharibika.

“Wengi wamepasifu kwenye programu ya simu, basi panafaa”

Soma tarehe ya sifa kabla ya sifa yenyewe. Aliyesifu alikuwa na gari la ukubwa gani, na ilikuwa msimu upi? Barabara ya udongo iliyosifiwa kiangazi hugeuka utelezi masika. Pakua ramani kabla mtandao haujakata, na uwe na jina la mahali pa pili.

“Nafasi yenye bomba la majitaka: unafungua vali, unasahau”

Ukiacha vali ya tangi la choo wazi, maji hutoka na kilicho kigumu hubaki, kikirundikana na kukauka kama kichuguu chini ya choo. Iache imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili. Mwaga la choo kwanza, kisha la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili hayo ya pili yasafishe bomba. Na kama kambi haina bomba, piga simu uliza sehemu ya kumwagia iko wapi na inafungwa lini. Sehemu zenye baridi kali huzifunga majira yote ya barafu.